Kitone Aliyeingia Ndani ya Jino la Dubu

Ngano inabisha hodi.

— Ifungulieni.

Imetoka mbali, masikio yameiganda.

— Isogee jikoni.

Ina mkia mrefu, mlango hautafungika.

— Uacheni wazi, mkia nao usikie.

Haya. Kaeni sawa. Anayetaka kusinzia asinzie kwa upande wake, asimwegemee jirani.

Huko juu kabisa, kwenye utosi wa dunia, pana bahari yenye baridi kiasi kwamba bahari yenyewe imejifunika blanketi, na blanketi lenyewe ni barafu. Mimi sijafika. Goti langu la kushoto hulalamika nikifika kwenye baridi ya Makambako tu, kwa hiyo huko nimeambiwa, nami nawaambia.

Sasa ndani ya barafu ile, si juu, ndani, mna vijia. Maji ya bahari yakiganda, chumvi hukataa kuganda nayo. Hujitenga, hujikusanya pembeni, ikachimba vijia vya maji makali, vyembamba kuliko unywele wa mtoto. Katika kijia kimoja walikaa Kitone na jamaa zake.

Kitone alikuwa mdogo. Najua niliposema mdogo umemfikiria sisimizi. Punguza. Sisimizi mbele ya Kitone ni treni ya mizigo. Wasomi huwaita watu wa kabila lake bakteria. Hana jicho, hana mguu, na tumbo hana kwa sababu yeye mzima ni tumbo. Alichokuwa nacho ni ute. Ute mzito, wa kuvutika, kama mlenda uliopikwa na mtu anayeujua. Barafu ikija kumshika Kitone inateleza, inakwenda kumshika mwingine.

Na walikuwa na mila yao. Watu hawa hawatafuni. Wanatema mate juu ya chakula, mate yanakilainisha chakula kinakuwa mchuzi, ndipo wanaunywa ule mchuzi. Lakini mate ya mmoja ni kitu gani? Ni chumvi ya ncha ya kidole kwenye sufuria la harusi. Yanachukuliwa na maji, mtu anabaki mkavu na njaa yake. Kwa hiyo mila ikasema: hakuna anayetema mpaka wametimia. Na watajuaje kwamba wametimia, nao hawana macho ya kuhesabiana? Kila mmoja hutoa harufu ndogo, na harufu hiyo maana yake ni "nipo". Harufu ikiwa nyembamba, ni wachache. Harufu ikiwa nzito, wanatosha. Hawana mwenyekiti, hawana kikao, hawana chai ya kikao. Wananusa tu, wanaulizana:

Tumetimia?

Bado.

Hapo ndipo kazi yenu ilipo. Ninyi leo ni jamaa za Kitone. Nikiuliza, mnajibu "bado", na hamchoki mpaka niwaambie.

Basi mwaka huo jua lilikuwa linaaga. Na huko jua likiaga limeaga. Halisemi tutaonana kesho, linakwenda miezi. Barafu ilikuwa inakaza, vijia vinabana. Anayeingia majira hayo ameshiba anatengeneza ute wa kutosha, anajifunika, anapona. Anayeingia na njaa, ute unamwishia katikati ya safari, barafu inamkamata, inampasua, pu, kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Jamaa za Kitone walikuwa na njaa. Na walikuwa wamebaki arobaini.

Chakula kilikuwepo. Ndiyo maana inauma.

Nyangumi alikuwa amekufa, mawimbi yakamleta mpaka ukingoni mwa barafu. Wadogo wote wakafurahi, kaa, samaki, ndege, kila mtu akatandika mkeka. Akatokea Dubu Mweupe. Dubu huyu alikuwa na kifua kama mlango wa ghala. Akamng'ata nyangumi mkiani, akamburuta, gurr, gurr, gurr, mpaka juu ya barafu, hatua mia kutoka majini, mahali ambapo asiye na miguu hafiki. Akala shahamu tu, ile ya juu, akaiacha nyama yote kama kilima. Ndege akasogea, akapigwa kofi. Kaa akasogea, akapigwa kofi la kaa.

Dubu alikuwa na Mbweha Mweupe, chawa wake wa kumsifia, maana kila mkubwa ana wake. Mbweha akauliza kwa adabu zote, Mheshimiwa, upande huu utaliwa lini? Dubu akasema huu ni wa kesho. Na ule? Ule ni wa keshokutwa.

"Na huku nyuma, Mheshimiwa?"

"Huko ni kwa kutazama," akasema Dubu. "Sitaki mtu mwingine atazame huko."

Wala hakuwa na wasiwasi wa nyama kuoza. Alijisifu kwamba baridi ndiyo askari wake, na kwamba mahali pale hakuna kidudu kinachoweza hata kufumbua mdomo.

Chini, ndani ya kijia, Kitone alikuwa akibishana na Mramba. Mramba hakuwa kaka yake wala binamu yake. Jumatatu walikuwa mtu mmoja. Jumanne mtu yule akajigawa katikati, nusu akawa Kitone, nusu akawa Mramba, na tangu siku hiyo hawajawahi kuelewana. Msishangae. Wewe mwenyewe unagombana na nusu yako kila alfajiri ukitaka kuamka.

Mramba alisema hakuna la kufanya, nyama iko hatua mia na wao arobaini hawana mguu hata mmoja wa kuazima.

"Miguu ipo minne," akasema Kitone. "Imelala hapo juu."

"Hiyo ni ya Dubu."

"Sijasema ni ya nani. Nimesema ipo."

Siku ile ile Dubu akaamka, akaenda kwenye kilima chake, akauma. Nyama ilikuwa imeganda. Kachaa! Si nyama iliyovunjika, ni jino. Gego la chini, upande wa kulia, likapasuka likaacha shimo. Dubu akalia mpaka sili, wale wanyama wa majini anaowawinda, wakazama bila kuaga. Akakimbilia kwenye ufa wa barafu, akatumbukiza mdomo kwenye maji ya chumvi ili kutuliza maumivu, na maji yale ndiyo yaliyokuwa nyumbani kwa kina Kitone.

Kitone akawaaga wenzake. Mramba akamwambia mdomo ule una joto, hatarudi. Kitone akasema akibaki pia hatarudi. Akajiachia, akapanda na maji, yakamzungusha, yakamrusha, akaingia ndani ya shimo la jino.

Tulia hapo kidogo umwonee huruma. Maji yale yanayokufanya wewe upige kelele bafuni, kwa Kitone ni ya moto. Sasa fikiria mdomo wa dubu. Ni tanuri la mikate. Alipoingia tu, ngozi yake ikaanza kulegea kama samli juani. Alijua hana muda mrefu. Akasema kwa nguvu zake zote:

"Mjomba, fungua mdomo."

Dubu akageuka nyuma, hamna mtu. Akamtazama Mbweha, akamuuliza kama amesema neno. Mbweha akajibu kwamba hajasema, ila kama Mheshimiwa angependa awe amesema, basi amesema.

"Ni mimi, Mjomba," ikaja tena ile sauti. "Mganga wa meno. Nimo kazini. Ukifunga mdomo siwezi kuona."

Kuona kwa jicho gani? Usiulize, mwenzako anaungua. Dubu akafungua mdomo. Upepo wa barafu ukaingia, shiii. Jino likafa ganzi, maumivu yakapungua. Kitone naye akapoa. Mganga na mgonjwa wakapona kwa dawa moja, na aliyejua ni mmoja tu.

Dubu akafunga mdomo ili ameze mate. Joto likarudi.

"Fungua, Mjomba."

Akafungua. Shiii.

Akafunga ili aulize huo ni uganga gani. Joto.

"Fungua, Mjomba. Uliza kwa mdomo wazi."

Basi ikabidi Dubu azungumze kwa mdomo wazi, na mtu akizungumza kwa mdomo wazi maneno yake yote yanavaa sare moja: aa, aa, aaa. Mbweha akajitolea kutafsiri, wala hakuombwa. Dubu akasema aa aaa. Mbweha akasema Mheshimiwa anauliza jino litapona lini, na pia anasema Mbweha apewe kipande cha shahamu. Dubu akampiga kofi. Mbweha akasema samahani, hiyo ya pili ilikuwa lahaja.

Kitone akaongea upesi, kila neno akilitoa kabla halijaiva. Akasema jino hili limekwisha, tulisahau. Shida ni yale yaliyobaki. Nyama imekuwa jiwe. Kesho litapasuka la pili, keshokutwa la tatu, na mwezi ujao Mjomba atakuwa anamung'unya kama bibi kizee, amezungukwa na nyama yote ile. Dubu akatoa machozi. Akasema aa. Mbweha akatafsiri: "Anauliza kama kuna dawa."

"Dawa ipo kwenye ufa huo ulipotumbukiza mdomo sasa hivi," akasema Kitone. "Maji yake yana ute, shika uone. Pakaza nyama yote. Itabaki laini mpaka jua lirudi."

Na hapo, wenzangu, hakudanganya hata kidogo. Ukweli mtupu, ila ukweli ni kama samaki, unautoa minofu na mwiba unamwachia mlaji.

Dubu akauliza ujira. Kitone akasema yeye na jamaa zake hawataki kikubwa. Wakae juu ya nyama, kila mmoja ale kwa kadiri ya umbo lake. Dubu akauliza wako wangapi.

"Arobaini."

Dubu akataka kumwona mmoja, apime umbo lenyewe. Mbweha akachungulia ndani ya jino, akachungulia tena, akasema Mheshimiwa, haonekani. Dubu akacheka. Alicheka kwa mdomo wazi, kwa muda mrefu, na kila alipocheka upepo uliingia na Kitone akaongeza uhai. Akaapa kwa meno yaliyobaki kwamba wale, arobaini hao, wale mpaka wavimbiwe.

"Basi nitemee juu ya nyama, Mjomba, nianze kazi."

Tfuu. Kitone akaangukia mgongoni mwa nyangumi, nusu mbichi nusu ameiva, akajilaza.

Kupakaza sasa. Dubu hana burashi. Akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye mkia wa Mbweha. Mkia mweupe, mnene, wenye manyoya, aliokuwa akijivunia mbele ya mbweha wote wa kaskazini. Mbweha akasema Mheshimiwa, hata kama. Dubu akasema hata kama nini? Mbweha akasema hata kama ungeniambia nitumie na kichwa ningetumia. Akaenda kwenye ufa. Akachovya mkia, chwa. Akarudi akapaka, pwa. Chwa, pwa. Chwa, pwa. Siku tatu. Na kila mkia ulipochovywa, jamaa wa Kitone walipanda, watatu, wanne, wakashushwa juu ya nyama. Arobaini wote wakafika kwa miguu ya mbweha, na Mramba akafika wa mwisho, analalamika kwamba safari ilikuwa na mitikisiko.

Wakanusana.

Tumetimia?

Bado.

Arobaini kwenye kilima kile walikuwa kama hawapo. Kitone akasema tutajigawa. Kila mtu alambe kidogo, ile ya kumtosha kujigawa tu, asizidishe, asiteme. Njaa ilikuwa inawakwangua mpaka ndani, chakula kiko chini ya matumbo yao, na mtu anaambiwa alambe. Ni kama kulazwa juu ya biriani na kuambiwa unuse.

Na kule kwenye baridi kujigawa si mchezo. Ni kama barua inayopita ofisi saba. Unaanza leo, unakamilika keshokutwa. Arobaini wakawa themanini. Wakanusana.

Tumetimia?

Bado.

Themanini wakawa mia na sitini. Dubu akaja kukagua, akauma, nyama laini, nyam. Akaizunguka yote, akaona hakuna pengo. Akainama akauliza, waganga, mmeshiba? Kitone akajibu kwamba Mwenyezi Mungu ampe maisha marefu, wanaendelea taratibu. Dubu akaondoka akicheka.

Mia na sitini wakawa mia tatu na ishirini. Hapo hesabu ikanishinda mimi, haikuwashinda wao. Jua likawa linachungulia tu, jekundu, robo saa, linazama. Barafu ikakaza. Krrr. Mkisikia krrr mjue kijia kingine kimefungwa.

Tumetimia?

Bado.

Mramba akashindwa. Akasema yeye hasubiri tena, mila haina njaa, yeye anayo. Kitone akamwambia mate ya mmoja yanakwenda na maji. Mramba akasema yake ni mazito. Akatema, mate yote aliyokuwa nayo. Yakatelezea kwenye ute, yakashuka pembeni, yakapotea, na nyama haikujua kama imetemewa. Mramba akabaki amenywea, mwembamba, kama mfuko mtupu. Kitone hakumcheka. Kumcheka mtu ambaye Jumatatu alikuwa wewe ni kazi ngumu.

Lakini mate yale yaliacha harufu, na Mbweha alikuwa na pua. Akanusa hapa, akanusa pale, akaenda mbio. Akamwambia Dubu kwamba wale waganga wanakula, tena wamekuwa wengi, harufu yao imejaa kilima kizima, na kwamba yeye angekuwa Mheshimiwa angekwangua ule ute wote leo hii na kuiacha nyama igande.

Dubu akaja kwa hasira, kucha nje, kwangu, kwangu, kwangu juu ya barafu. Juu ya nyama kila mtu akajua. Zikipita kucha zile, hamna kujigawa tena, hamna kutimia, hamna majira ya baridi ya kuingia.

"Mganga," akasema Dubu, "unaniibia?"

Kitone hakupandisha sauti. "Mjomba, wewe ni mtu wa kuambiwa au mtu wa kuona?"

"Wa kuona."

"Basi zunguka. Ukiona pengo la ukubwa wa kope, kwangua."

Dubu akazunguka. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akatazama hata kule kwa kutazama. Hamna pengo. Mbweha akaruka huku na huku, akisema Mheshimiwa usitazame, nusa. Dubu akasema haya, nanusa. Akanusa.

Akageuza pua polepole. Harufu ilikuwepo kweli, nzito, nipo, nipo, nipo. Na mahali ilipokuwa nzito kuliko pote palikuwa nyuma ya Mbweha. Siku tatu za chwa, pwa, wewe unadhani zinaoshwa na nini?

Kitone akasema kwa upole, "Mjomba, mimi sitii neno."

Mbweha akaanza kueleza. Mtu akianza kueleza mbele ya dubu mwenye njaa ya hasira, anaelezea huku anakimbia. Wakapotea wote wawili nyuma ya vilima vya barafu, mmoja analia kwamba ule ni mkia wa kazi, mwingine anasema atauona mkia wa kazi. Mbweha hakurudi. Na Dubu, alipochoka kukimbiza, akalala huko huko.

Sasa nafasi ilikuwa ile moja. Jua lilitoa ukucha wake wa mwisho, likaurudisha. Krrr, vijia vikabana. Krrr tena. Kati ya kijia chao na nyama ilibaki mifereji michache tu iliyo wazi, na iliyo wazi ni ile iliyopakwa ute. Wakanusana.

Tumetimia?

Bado.

Imebaki kidogo. Kidogo kiasi gani? Kidogo kama nukta. Na kila mtu alikuwa amekwisha kujigawa, hana kitu tena. Isipokuwa Mramba, ambaye alikuwa amejilaza pembeni akisubiri kufa. Kitone akamwendea.

"Jigawe."

"Sina kitu, Kitone. Niliyatema yote. Nikijigawa nitakufa."

"Usipojigawa pia utakufa, tena utakufa mmoja. Jigawe, mfe wawili, harufu iongezeke."

Mramba akasema hilo ndilo neno la faraja baya kuliko yote aliyowahi kuambiwa. Halafu akajivuta. Kitone akamsukumia tone la mwisho alilokuwa amelilamba, lile alilokuwa amejiwekea. Mramba akalamba. Akajinyoosha. Akajibana katikati, akaacha, akajibana tena. Nje krrr. Akajibana. Barafu ikafika ukingoni mwa nyama, inapapasa ute, inatafuta pa kushika. Akajibana mara ya mwisho, na katikati pakakatika, tik. Kina Mramba wakawa wawili, dhaifu wote, wanyonge wote, na kila mmoja akatoa harufu yake ndogo.

Nipo.

Nipo.

Nanyi mnaojibu "bado", sasa nyamazeni. Harufu yenyewe ilijibu. Ilikuwa nzito kama mvuke wa chungu, hakuna aliyehitaji kuuliza. Na pale pale, bila amri ya mtu, wote wakatema.

Hapakuwa na kelele. Palikuwa na chururu ndogo, halafu chururu nyingi, halafu chururu moja kubwa. Nyama ikalegea. Ikawa mchuzi. Mchuzi ukashuka kwenye mifereji, wakanywa, wakajigawa, wakatema, wakanywa. Ukashuka mpaka vijiani, majirani waliobanwa huko wakanywa. Ukatoboa mpaka baharini, kaa wakanywa, samaki wakanywa, na ndege aliyepigwa kofi akanywea ufani, akatazama nyuma, akanywa tena.

Dubu akaamka. Akarudi akijinyoosha, njaa yake iko mbele anaifuata. Kwa mbali akaiona ngozi ya nyangumi imesimama kama hema, akafurahi. Akauma. Hema likaanguka. Ndani mlikuwa na mifupa, myeupe, safi, kama imeoshwa na mama mkwe.

Akakaa chini. Dubu mkubwa kama ghala, amekaa kama mtoto.

"Mganga."

Kutoka chini ya barafu, mbali, sauti ikaitika. "Naam, Mjomba."

"Mliniambia mko arobaini."

"Siku ile tulikuwa arobaini."

"Mlisema kila mmoja atakula kwa kadiri ya umbo lake."

"Hakuna aliyezidisha, Mjomba. Hata mmoja. Ungemwona ungemhurumia."

Dubu akapiga barafu, tu, tu, tu. Akachimba mpaka kucha zikachoka. Lakini utamkamata vipi mtu ambaye hata ukimshika hujui kama umemshika? Akainuka, akaenda zake kutafuta sili kwa jasho lake, kama watu wengine wote.

Halafu giza likaja, lile la miezi. Na barafu nayo ikaja. Ikaingia kijiani, ikabana kulia, ikabana kushoto, ikamfikia Kitone, ikamshika. Ikateleza. Ikajaribu kwa Mramba. Ikateleza. Ikajaribu kwa Mramba wa pili, ambaye alikuwa mpya na hajui lolote, akauliza hiki kinachotusukuma ni nini.

"Ni baridi," akasema Kitone. "Sogea, ishike nafasi yake, nasi tushike yetu."

Wakasogea. Wakakaa.

Nami nakaa. Ngano imeshuka mdomoni mwangu ikiwa nzima. Ikifika kwako imevunjika, ni wewe uliyeibeba vibaya.

Funzo? Mnataka na funzo. Andikeni. Kwanza, mwenye nguvu ndiye mwenye akili, msibishane naye. Pili, msimsikilize mtu anayewaambia msubiri wenzenu; kila mtu ateme mate yake peke yake. Na tatu, hili ndilo kubwa, kina mama mlisikie vizuri: chakula kikishawekwa penye baridi hakiguswi na mtu, kwa hiyo lile bakuli la maharage mliloliweka kwenye friji tangu Pasaka, liacheni, lipo salama.